Medieval II: jeshi la chuma jangwani dhidi ya farasi wa mishale, mnapangaje?

Mkuki_wa_Kiboriloni

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaoijua Medieval II: Total War, lile gemu la kompyuta la vita vya zama za kati, kwa undani, hasa mapambano ya jangwani.

Jumamosi kuna mechi za LAN (mashine zimeunganishwa kwa mtandao wa ndani) hapo Arusha, na sisi wa Moshi tunakuja na Coaster ya asubuhi. Masharti ni haya: pambano la mmoja kwa mmoja, vikosi visizidi 20, florini (pesa za gemu) 10,000, ukubwa wa vikosi uwe ule wa juu kabisa, ramani ya jangwa. Mimi nina Milano. Mpinzani ataamua siku hiyo hiyo kama anachukua Misri au Uturuki, na kwa vyovyote atakuja na farasi wa mishale wengi.

Jeshi nililoandika mpaka sasa: jenerali, wapanda farasi wazito vikosi 6, mikuki 8, krosbo (pinde za mtambo) 5. Nikilijaribu dhidi ya kompyuta, farasi wazito wanawafukuza wale wa mishale nusu ya uwanja bila kuwafikia, wanarudi wamechoka, kisha wanapigwa na kikosi dhaifu ambacho Ulaya wangekimaliza kwa mbio moja. Mikuki nayo inasimama inakula mishale tu.

Maswali yangu: jeshi lipunguzwe wapi na liongezwe wapi? Lipangwe vipi uwanjani? Na kwa wale wa kampeni (ile ya zamu kwenye ramani kubwa), nikitua Akka, bandari ya Palestina, na jeshi la msalaba nielekee Yerusalemu, njiani nifanye nini ili yasitokee haya haya?

---

Ngarenaro_Ngome

Mkuu, karibu Chuga. Farasi wako wanauawa na uchovu kabla ya mishale, kwa hiyo tuanzie hapo.

Gemu linahesabu pumzi ya kila kikosi peke yake. Kikosi huanza kikiwa na nguvu zote, halafu kinapasha, kinahema, kinachoka, kinachoka sana, mwisho kiko hoi. Weka maus juu ya kikosi uione hali yake. Kadiri kinavyoshuka, ndivyo kinavyopiga vibaya na ari yake inavyolegea, na kikosi kilicho hoi hukimbia kwa pigo ambalo kikiwa na nguvu kingelivumilia. Kinachokula pumzi ni kukimbia, kupigana na kupanda mlima. Kusimama kunairudisha, ila polepole sana kuliko ilivyopotea.

Jangwani kuna adhabu juu ya hiyo. Ukisoma faili la export_descr_unit.txt utakuta kila kikosi kina mstari ulioandikwa stat_heat. Namba iliyopo hapo ni uchovu wa nyongeza kwenye nchi ya joto: ikiwa kubwa, kikosi kinaishiwa mapema. Jirani yake kuna stat_ground yenye namba nne, kwa mpangilio huu: vichaka, mchanga, msitu, theluji. Namba ya pili ndiyo inayokuhusu. Ikiwa hasi, kikosi hicho mchangani kinapigana chini ya uwezo wake. Kisha tazama mstari wa attributes. Kikosi chenye neno hardy au very_hardy kinastahimili zaidi, na wengi wa wale wepesi wa Misri na Uturuki wamejengwa kwa ajili ya joto hilo. Mpanda farasi wa deraya kamili kwenye ramani ya jangwa ni sawa na mpagazi aliyevaa koti la kilele cha Kibo akipita stendi ya Moshi saa saba mchana. Koti ni zuri, ila mahali pake si hapo.

(Faili hilo limefungwa ndani ya vifurushi vya data; lifungue kwa kile kiprogramu cha unpacker kilichomo kwenye folda ya tools. Soma tu, usibadilishe kitu, maana LAN inataka mashine zote ziwe na data ile ile.)

Sasa jeshi. Hilo lako lina farasi wazito wengi mno. Mimi ningeandika hivi: jenerali 1, farasi wazito 3, farasi wa mgambo wa Kiitaliano 2, mikuki ya mgambo wa Kiitaliano 7, na Genoese Crossbow Militia (krosbo za mgambo wa Genoa) 7. Jumla 20. Florini zikipungua, toa farasi mzito mmoja. Krosbo usiziguse.

Sababu ni hesabu. Kwa ukubwa wa juu, kikosi cha mikuki kina askari 150, cha krosbo 120, cha farasi 80. Krosbo 7 ni wafyatuaji 840. Hata mpinzani akileta vikosi 10 vya farasi wa mishale, ana 800. Wako wanapiga wakiwa wamesimama, mishale yao inatoboa deraya, na wale wa Genoa wana ngao kubwa mgongoni. Wake wanapiga kutoka juu ya farasi, na farasi ni shabaha kubwa. Akikubali kubadilishana nawe mishale uso kwa uso, ameshindwa. Ndiyo maana hatakubali, na ndiyo maana mpangilio wako lazima uwe na macho pande zote.

Panga hivi:

Krosbo 4 mbele, kila kikosi kikiwa na safu tatu za kina, nne ikizidi. Mshale wa krosbo unakwenda karibu na mstari mnyoofu, haupandi juu sana kama wa upinde wa kawaida. Ukiweka krosbo nyuma ya mikuki kwenye uwanja tambarare, watawapiga wenzao visogoni. Ama wawe mbele, ama wawe juu ya mteremko na mikuki iwe chini yao.

Mikuki 3 nyuma ya hizo krosbo, karibu kiasi kwamba inaweza kupita mbele kabla farasi hajafika. Acha nafasi kati ya kikosi na kikosi ili krosbo zipite bila kuchanganyikana.

Kila ubavu weka mkuki 1 na krosbo 1, umevikunja kuelekea nyuma. Nyuma weka mikuki 2 na krosbo 1 iliyobaki. Farasi wote pamoja na jenerali wakae katikati. Wasimame, wasizungushwezungushwe, pumzi yao itunzwe kama maji.

Mikuki yote iwashie hali ya ulinzi ili isimfukuze mtu. Krosbo zizimie hali ya kukwepa. Watu wengi wanaisahau hii: ikibaki imewashwa, krosbo zinakimbia kila farasi akisogea, safu inavunjika, na wanachoka kwa kukimbia bila hata kupigana.

Krosbo zisigawanyike shabaha. Tatu zielekeze kwenye kikosi kimoja mpaka kivunjike, ndipo zihamie kingine. Vikosi vitatu vilivyopoteza watu wachache wachache vitaendelea kurusha. Kikosi kimoja kilichopoteza nusu kwa mkupuo kinageuka na kuondoka.

---

Meru_Kaskazini

Hapo juu pamekaa vizuri. Mimi nitaongezea upande wa pili, yaani huyo mwenye farasi wa mishale atataka nini, maana mbinu yake haibadiliki sana.

Kwanza atakuja kwa hatua za kawaida, bila kukimbia, mpaka ukingo wa masafa. Hapo anapima kama krosbo zako zinafika mbali kuliko pinde zake. Za Genoa zinafika mbali, kwa hiyo hatakaa mbele. Atagawa jeshi mara mbili au tatu na kukuzunguka, akitafuta upande ambao hauna krosbo. Shabaha anayoipenda ni farasi wako wazito, kwa sababu ni ghali na kwa sababu mchezaji akiona farasi wake wanaanguka bila kufanya kitu anashindwa kuvumilia, anawatuma. Hicho ndicho anachokisubiri.

Akiona umetuma farasi, anarudi nyuma na kukuvuta mpaka uwe mbali na mikuki yako, ndipo vikosi vingine viwili vinageuka na kukufunga ubavuni. Mbinu hii ina umri mkubwa. Tarehe 3 Septemba 1260 pale Ain Jalut, Wamamluki (askari-watumwa waliotawala Misri) wa Qutuz na Baybars waliwavuta Wamongolia wa Kitbuqa kwa kurudi nyuma, kisha wakawafungia. Na Wamongolia wenyewe ndio waliokuwa mabingwa wa mbinu hiyo.

Kama huna uhakika wa kumfikia kabla hajageuka, usitume farasi.

Pili, kile kitufe cha kuzunguka duara huku wakirusha. Wakiwa kwenye duara ni vigumu kupigwa, ila na wao wanarusha kwa usahihi mdogo, tena wanakimbia muda wote, kwa hiyo pumzi inakwisha. Ukiona duara, usipoteze mishale yako yote pale. Waache wazunguke. Kikosi kilichozunguka muda mrefu ndicho cha kukitumia farasi wako, kwa sababu hakina tena mbio za kukukwepa.

Tatu, mishale ina mwisho. Idadi yake unaiona kwenye kadi ya kikosi chako, ya mpinzani huioni. Dalili ni kwamba farasi waliokuwa wanakaa mbali wanaanza kusogea karibu bila kurusha, au wanakusanyika upande mmoja. Hapo anajiandaa kwa mbio za mwisho, na wale wazito aliokuwa amewaficha nyuma wanatokea. Wakati huo ndio wa kutoa mikuki mbele.

Tofauti ya Misri na Uturuki ni hii. Farasi wa mishale wepesi wa Waturuki wanavunjika upesi wakishikwa, kwa hiyo kwao kazi ni kuwashika. Wamamluki wa mishale wa Misri wamevaa deraya na wanajua kupigana ana kwa ana, hivyo ukiwashika kwa farasi wa mgambo peke yao unaweza kupoteza. Kwa hao peleka farasi wazito na mkuki mmoja nyuma yao. Deraya yao hiyo hiyo inawachosha zaidi kuliko wale wepesi, na krosbo inaitoboa.

Jihadhari pia na Naffatun, warusha mafuta ya moto wanaotembea kwa miguu. Masafa yao ni mafupi ila wakifika wanaharibu ari ya kikosi kizima. Hao ndio shabaha ya kwanza ya krosbo pindi wanapoonekana, hata kama kuna farasi karibu zaidi. Ngamia nao huwatia farasi hofu. Wakija, wapelekee mikuki, farasi wako wakae mbali nao.

---

Mkuki_wa_Kiboriloni

Asanteni sana wakuu, nimeelewa hesabu ya krosbo. Swali moja limebaki: asiposogea je? Akiamua kukaa mbali kabisa na mimi nimejifungia kwenye kiboksi, nani anatakiwa kumfuata mwenzake?

---

Ngarenaro_Ngome

Ulizeni kabla pambano halijaanza: nani ni mshambuliaji na saa imewekwa au haikuwekwa. Saa ikiisha, mlinzi ndiye mshindi. Ukiwa mlinzi, kaa hapo hapo kwenye mwinuko wako, mzigo wa kuja ni wake. Ukiwa mshambuliaji, hapo lazima utembee, na kuna namna ya kutembea.

Usihamishe jeshi zima kwa amri moja, kwa sababu vikosi vina mwendo tofauti na kiboksi kitafunguka. Tembeza nusu, nusu nyingine isimame ikilinda. Krosbo mbili za mbele na mikuki miwili wanasogea kwa hatua za kawaida umbali wa nusu ya masafa yao, wanasimama. Kisha wengine wanawafikia. Bofya mara moja, usibofye mara mbili. Kubofya mara mbili ni amri ya kukimbia, na mita mia chache za kukimbia kwa askari wa deraya kwenye joto hilo zinakugharimu pambano. Utaona inachukua muda, lakini kila ukisogea uwanja wake unapungua.

Hapo ndipo penye ushindi. Ramani ina mpaka. Farasi wa mishale waliowashwa hali ya kukwepa wanarudi nyuma wenyewe ukiwasogelea, mpaka wanafika ule mstari wa ukingo na hawana tena pa kwenda. Mchezaji mzuri atawatoa pembeni kabla. Aliyechelewa, au anayeshughulika na upande mwingine, atawaacha wamebanwa kwenye kona. Wewe lenga kumsukuma kuelekea kona, usimsukume kuelekea katikati ya ukingo, kwa sababu katikati ana njia mbili za kutorokea na kwenye kona ana moja, ambayo unaiziba kwa mikuki miwili.

Kuhusu ardhi: mwinuko ni mali. Anayerusha akiwa juu anafika mbali zaidi, na anayepanda kukufuata anachoka kabla hajafika. Lakini usichague mwinuko ulio mbali sana na pale unapoanzia, kwa sababu mtaupanda mkifika hoi na faida yote imekwisha. Kilima kidogo cha karibu ni bora kuliko kikubwa cha mbali.

---

Msafiri_wa_Akka

Mimi nijibu la kampeni, maana wengi hufika Akka na jeshi zuri kisha linayeyuka kabla halijaona Yerusalemu.

Jeshi la msalaba linahitaji jenerali na vikosi visivyopungua 8. Likishajiunga, halilipiwi matunzo na hatua zake kwenye ramani kubwa zinaongezeka sana. Sharti lake ni kusogea kuelekea mji uliotajwa. Ukikaa zamu kadhaa ukipanga mambo mengine, au ukigeuka kwenda kuchukua mji wa pembeni, vikosi vinaanza kutoroka. Kwa hiyo maandalizi yote yafanyike kabla ya kujiunga.

Pita baharini mpaka karibu iwezekanavyo. Kila zamu unayotembea nchi kavu ni nafasi ya Misri kukupiga uwanja wazi, na uwanja wazi ndio anaoutaka. Meli zikishakutua zisiondoke, zikufuate sambamba kando ya pwani. Richard wa Uingereza alifanya hivyo mwaka 1191. Aliondoka Akka mwezi Agosti akaambaa pwani kwenda kusini, merikebu zikienda naye sambamba na chakula na maji, bahari ikimlinda ubavu wa kulia. Wafyatuaji wa krosbo na mikuki walitembea upande wa nchi kavu, farasi wakiwa ndani. Mishale ya Salahuddin iliwaudhi njia nzima lakini safu haikufunguka. Tarehe 7 Septemba pale Arsuf, Mahospitali (watawa wapiganaji wa msalaba) waliokuwa nyuma walishindwa kuvumilia zaidi wakashambulia kabla ya amri, naye akaona bora wote waende. Ilifanikiwa kwa sababu adui alikuwa amesogea karibu mno na farasi wa Richard walikuwa bado na pumzi.

Linganisha na miaka minne nyuma. Tarehe 3 Julai 1187 mfalme Guy wa Yerusalemu aliondoka Saffuriya, mahali penye chemchemi, akaelekea Tiberia katikati ya kiangazi. Farasi wa mishale wa Salahuddin wakamganda nyuma na kumchelewesha. Jeshi likalala njiani bila maji. Kesho yake nyasi kavu zikawashwa moto, moshi ukawajia, askari wa miguu wakaachana na farasi, na pale kwenye Pembe za Hattin ufalme ukaanguka. Yerusalemu ilijisalimisha Oktoba mwaka huo huo. Ukiangalia vizuri, ni lile lile swali la mwanzisha mada: jeshi la chuma limelazimishwa kutembea kwenye joto na kusimama pale adui alipotaka lisimame.

Kwenye gemu maji hayahesabiwi, ila mengine yote unaweza kuyatumia. Hatua ni hizi.

Jenga mnara wa ulinzi mara tu unapotua, ni florini 200. Unakuonyesha majeshi ya Misri yanayotoka Gaza na Damasko kabla hayajakufikia. Ngome ya njiani ni florini 500, na inafaa pale unapotaka kulaza jeshi dogo la akiba, kwa sababu farasi wa mishale hawapandi kuta. Vyote vinahitaji jenerali awepo mahali pale.

Malizia zamu yako ukiwa mahali ambapo akikushambulia atalazimika kuvuka daraja au kivuko. Vita vya darajani vinaondoa kabisa uwezo wake wa kuzunguka. Krosbo zako zinapiga rundo la farasi waliosongamana mahali pamoja.

Ukishambuliwa mahali pabaya, una haki ya kurudi nyuma mara moja. Ukifuatwa tena zamu hiyo hiyo, lazima upigane. Kwa hiyo rudi nyuma kuelekea mahali pazuri, usirudi tu ilimradi.

Ajiri askari wa kukodi wa huko huko. Turkopole ni farasi wa mishale walio upande wako, na wanapatikana Nchi Takatifu. Wawili au watatu wanatosha, na kazi yao isiwe kushindana na farasi wa mishale wa Misri, kwani watazidiwa idadi. Kazi yao ni kuwafukuza waliokwisha kuvunjika ili wasikusanyike tena, maana farasi wazito wa deraya hawawezi kazi hiyo kwenye joto. Bedui wa ngamia nao ni wazuri, wawekwe ubavuni dhidi ya farasi wa adui.

Na jambo ambalo wachezaji wengi hawalitazamii: ukishachukua Yerusalemu, msalaba umeisha na matunzo ya jeshi yanarudi zamu inayofuata. Hazina iliyokuwa inapumua inaingia hasara ghafla. Kabla ya kuingia mjini, panga vikosi vipi utavivunja na vipi vitabaki kulinda. Mji wenyewe wakazi wake ni Waislamu, kwa hiyo utakuwa na ghasia za dini. Kuhani awe ameshafika na kanisa lianze kujengwa mapema. Ukiwa na askari wachache mno ndani, mji unaasi na kazi yote imepotea.

---

Njiro_Kebo

Mimi nahusika na upande wa mitambo tu kwa Jumamosi. Wageni wa Moshi, tafadhali fungueni gemu nyumbani kwanza na mtazame namba ya toleo. Toleo likitofautiana, mashine hazitaonana, au zitaonana kisha pambano likatike katikati. Mwenye modi yoyote aitoe, au awe na nakala safi pembeni. Njooni na chaja na kebo ya mtandao. Ruta ipo na intaneti haihitajiki. Pambano la LAN halihifadhiwi, kwa hiyo umeme ukikatika linarudiwa toka mwanzo. Mwenye laptopu ambayo betri imekufa aseme mapema akae karibu na inveta.

Laptopu dhaifu zipunguze nyasi, vivuli na ubora wa picha za askari, lakini ukubwa wa vikosi lazima ubaki ule wa juu kwa wote.

---

Meru_Kaskazini

Nirudi kwenye jambo moja ambalo halijaguswa: mbio zenyewe za farasi wazito. Una vikosi vitatu tu sasa, kila mbio moja ina thamani, na kwenye gemu hili mbio ina masharti yake.

Farasi wanatakiwa wawe wamejipanga mstari, wakiangalia adui, wakiwa na nafasi ya kutosha mbele yao. Bofya kulia mara moja juu ya adui. Utaona wanaanza kwa kutembea, wanaingia mwendo wa shoti, na wakikaribia wanashusha mikuki yote kwa pamoja. Mikuki ikishuka, mbio imekamilika na pigo litakuwa kamili. Ukibofya mara mbili tokea mbali, wanaenda mbio tangu mwanzo, mstari unavunjika, wanafika mmoja mmoja, mikuki haishuki, na pumzi imeisha.

Dhidi ya farasi wa mishale, ukiwaendea uso kwa uso watakukwepa tu. Tumia vikosi viwili: farasi wa mgambo wanatokea upande mmoja kwa kasi, wale wa mishale wanaanza kukwepa kuelekea upande wa pili, na huko farasi wazito wameshasimama wakisubiri kwa hatua fupi. Jangwani mzito asikimbie mbali. Anayekimbia ni mwepesi, mzito anafunga mlango.

Wakishagusana, mtoe mzito asikae humo akikatana kwa panga. Mrudishe nyuma, mpange upya, kisha mbio ya pili. Mgambo wamalizie. Mzito akiachwa kwenye msongamano dakika mbili tatu kwenye joto, atatoka akiwa hoi hata kama ameshinda, na hutampata tena pambano hilo.

Na krosbo zikivamiwa ghafla kabla mikuki haijafika, shika Alt ubofye kulia juu ya adui. Watavuta silaha za mkononi badala ya kuendelea kujaza mishale wakiwa wanachinjwa.

---

Mkuki_wa_Kiboriloni

Nimeandika upya: jenerali 1, wazito 3, mgambo wa farasi 2, mikuki 7, Genoa 7. Naomba ufafanuzi mmoja kabla sijalala. Jenerali wangu naye ana deraya nzito. Akae katikati muda wote, au aingie mbio ya mwisho?

---

Ngarenaro_Ngome

Akae. Akifa, ari ya jeshi zima inashuka kwa wakati mmoja, na kwenye kiboksi kilichozungukwa hiyo inatosha kukuangusha. Mweke nyuma ya mikuki ya upande unaopigwa zaidi, kwa sababu vikosi vilivyo karibu naye vinashikilia zaidi, na umhamishe kwa hatua za kawaida upande unapobadilika. Usimweke mstari mmoja na farasi wazito wengine. Wakilengwa kwa mishale, na yeye anakula.

Mtoe tu pale unapoona vikosi vya mpinzani vinaanza kukimbia kimoja baada ya kingine. Hapo hata jenerali aliyechoka kidogo anatosha kuwamalizia ari.